Nukta Zilezile, Matokeo Mawili: Uchambuzi wa Kisa cha Kuacha Sigara kwa Akupancha

## Kisa kwa ufupi

Mtu mmoja alijaribu kuacha sigara mara mbili katika kituo kimoja cha akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, kwenye mji wa pwani ya Afrika Mashariki. Mara ya kwanza alikaa siku 8 bila kuvuta, akaishia na sikio lililovimba. Mara ya pili aliacha. Mara zote mbili alichomwa sindano, tena na mtaalamu yuleyule na kwenye nukta zilezile. Hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kifae kufundishia, kwa sababu linalazimisha swali ambalo vituo vingi hulikwepa: sindano zenyewe zilifanya nini, na ni nini kilichofanywa na mambo yaliyokuwa pembeni yake?

Jina, mji, mwaka na kila kinachoweza kumtambulisha mteja vimeondolewa.

## Usuli

Mteja ni mwanamume wa umri wa miaka 40 na kitu, karani wa kutoa mizigo forodhani. Amevuta kwa zaidi ya miaka 20, na alipofika alikuwa kwenye sigara 20 kwa siku. Ana mke na watoto, na mdogo wao ana pumu. Daktari wa mtoto alikuwa amemweleza wazi kwamba kuvutia nje uani hakutoshi, maana moshi unarudi ndani kwenye nguo na nywele. Hiyo ndiyo sababu iliyomleta. Kifua chake mwenyewe alikitaja baadaye sana, alipoulizwa.

Alikuwa ameshajaribu kuacha mara tatu, zote kwa kukata ghafla bila msaada wowote. Mara iliyodumu zaidi ilikuwa siku 11. Watu wanaoacha kwa njia hiyo na bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12 ni kama 3 hadi 5 kwa kila 100, kwa hiyo kushindwa mara tatu si dalili ya udhaifu wa mtu. Yeye lakini aliamini kwamba hana nia ya kutosha, na imani hiyo ilikuja kuleta madhara, kama itakavyoonekana.

Jambo jingine la kukumbuka: kila Ramadhani alifunga mwezi mzima bila kugusa sigara mchana, saa 13 na zaidi, bila taabu kubwa. Siku za kawaida hakuweza kumaliza muda wa saa 2 bila kuvuta. Alilitaja hili kwenye mazungumzo ya kwanza, na halikuandikwa popote.

## Tiba ilivyotoka kwenye kasumba hadi kwenye sigara

Pwani watu wanazijua sindano za Kichina kwa muda mrefu. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na wengi wana mzee nyumbani aliyewahi kuchomwa kwa ajili ya kiuno au goti. Matumizi yake kwa uraibu ni mapya zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa upasuaji wa neva wa Hong Kong, H. L. Wen, alikuwa akitumia akupancha yenye umeme kupunguza maumivu ya upasuaji, akaona wagonjwa waliokuwa watumiaji wa kasumba (afyuni) wanasema arosto, yaani taabu ya kukosa kilevi walichozoea, imepungua. Habari hizo zilifika hospitali ya Lincoln, South Bronx, jijini New York. Umeme ukaachwa, na polepole ukajengeka mpango wa nukta 5 za sikio: Simpathetiki, Shen Men, Figo, Ini na Pafu. Shirika la NADA, lililoanzishwa 1985, liliusambaza nchi nyingi.

Angalia asili hiyo: mpango ulizaliwa kwa ajili ya arosto ya kasumba na heroini, ndani ya kliniki ambako watu walikuja karibu kila siku, wakakaa kwenye viti pamoja kwa kikundi, na walikuwa na washauri. Ulipohamishiwa kwenye sigara katika vituo vya binafsi, sindano zilihama, lakini kukutana kila siku, kikundi na washauri mara nyingi viliachwa nyuma.

## Jaribio la kwanza

Kituo kilimpa kifurushi cha vikao 5, kimoja kila wiki, malipo yote mwanzoni. Sababu ya kuviweka wiki hadi wiki ilikuwa kazi yake na nauli yake. Ilikuwa nia njema. Siku ya kuacha ikawa siku ya kikao cha kwanza. Alivuta ya mwisho mlangoni, akazima, akaingia.

Kikao kilikwenda kama kinavyotakiwa. Sikio lilisafishwa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa likauke, kwa sababu spiriti mbichi ikiingia na sindano huchoma. Zikatumika sindano mpya za kutumiwa mara moja, milimita 13 kwa urefu, zikaingizwa milimita 1 hadi 3 tu, kiasi cha kusimama bila kupenya gegedu (mfupa laini wa sikio) upande wa pili. Nukta 5 kila sikio, na moja iitwayo Tim Mee kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Dakika 40 kitini. Alisinzia. Alipoamka alisema mwili umelegea na hana hamu kabisa.

Kabla ya kuondoka akabandikwa sindano mbili za kubaki sikioni, moja Shen Men na moja Pafu. Hizi ni vijisindano vifupi mfano wa pini ya ubao, ndiyo maana huitwa vipini hapa, vinashikwa na plasta. Aliambiwa akae navyo siku 7 na kuvibonyeza kila hamu inapomjia. Mantiki ilikuwa kujaza pengo la wiki nzima kati ya kikao na kikao.

Siku ya 1 ilipita vizuri. Siku ya 2 jioni na siku ya 3 mambo yakawa magumu: hasira, mikono haitulii, usingizi unakatika. Alipiga simu siku ya 3 akaambiwa abonyeze vipini na asubiri miadi yake. Akabonyeza. Kwa hesabu yake mwenyewe, zaidi ya mara 30 kwa siku.

## Sikio

Siku ya 5 sikio la kushoto lilianza kuuma. Akaendelea kubonyeza, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa na aliona maumivu ni sehemu ya kazi. Siku ya 8, kikao cha pili, sehemu ya juu ya sikio ilikuwa nyekundu, imevimba na ya moto, lakini ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, ilikuwa salama kabisa. Alama hiyo kila anayechoma masikio inampasa aijue: ndewe haina gegedu, kwa hiyo uvimbe unaoila sehemu ya juu na kuiacha ndewe unaashiria maambukizi ya utando wa gegedu. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Usaha ukikusanyika chini ya utando huo gegedu hufa, na sikio hubaki limekunjamana maisha.

Mtaalamu aliviondoa vipini papo hapo, hakuchoma sindano nyingine yoyote, na akampeleka hospitali siku ileile badala ya kumpa dawa ya kupaka. Uamuzi huo uliokoa sikio. Daktari alimwandikia antibayotiki ya siprofloksasini, kwa sababu bakteria anayepatikana mara nyingi kwenye gegedu ya sikio ni Pseudomonas, na antibayotiki nyingi za kawaida hazimgusi. Uvimbe ulitulia ndani ya siku 10, sikio likabaki na umbo lake.

Chanzo kilijulikana baadaye, na ni cha kwetu hasa. Mteja anaswali swala tano. Kila udhu anapitisha vidole vyenye maji masikioni. Plasta zile hazikupata kukauka hata mara moja kwa wiki nzima, kwenye joto na unyevu wa pwani, juu ya tundu lililo wazi linalobonyezwa mara 30 kwa siku. Hakuna aliyemuuliza. Maelekezo ya sindano za kubaki husema "usiloweshe", na mtu akasikia maana yake ni asiogelee.

## Vikao vilivyobaki

Sigara ya kwanza aliivuta siku ya 9, usiku, kwa sababu ya maumivu na kwa sababu alijiona ameshashindwa. Alivihudhuria vikao vitatu vilivyosalia. Kwenye kadi yake kila kimoja kimeandikwa "hajavuta". Hakikufanyika kipimo chochote, aliulizwa, akajibu. Ukweli ni kwamba alikuwa kwenye sigara 3 kwa siku, kisha 8, na kufikia wiki ya 7 alirudi kwenye 20. Alikuwa ameshalipa, ameshawatangazia ofisini na nyumbani, na kwenye kijiwe cha kahawa walikuwa wanamtania kwa sikio lake. Kusema kweli kungemgharimu aibu, na kituo hakikumwekea njia rahisi ya kuisema.

## Kurudi, na maamuzi ya matayarisho

Alirudi baada ya miezi mitatu hivi, akaeleza yote. Mtaalamu alikaa na muuguzi mwenye mafunzo ya kuwasaidia wavutaji, wakapanga upya kuanzia sifuri.

Kwanza walipima. Kwa maswali 6 ya Fagerström, yanayopima utegemezi wa nikotini na ambayo alama zake ni 0 hadi 10, alipata 6, yaani utegemezi mkubwa: huvuta ndani ya nusu saa ya kuamka, sigara iliyo ngumu kuiacha ni ya kwanza ya asubuhi, na huvuta hata akiwa mgonjwa kitandani. Kipima pumzi kilionyesha kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wa sigara, sehemu 22 kwa milioni. Chini ya 10 ndiyo huhesabiwa kuwa mtu havuti.

Pili, aliandika kila sigara kwa siku 14: saa, mahali, na ukali wa hamu kuanzia 1 hadi 5. Katika siku ya kawaida ya sigara 20, 6 zilikwenda na kahawa, 5 wakati wa kusubiri nyaraka forodhani, 3 baada ya kula, 3 akiwa kwenye simu za kazi, 1 kabla ya kulala, na 2 bila sababu aliyoweza kuitaja. Karatasi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mazungumzo yote yaliyotangulia. Sigara 11 kati ya 20 zilikuwa na anwani mbili tu: kijiwe cha kahawa na benchi la forodhani.

Tatu, waliamua kuongeza nikotini ya badala: kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2, pamoja na chingamu ya miligramu 4 kwa hamu ya ghafla. Mteja alisita. Alikuja kwa sindano ili aepuke dawa, na aliona kibandiko ni kubadilisha sumu kwa sumu. Alielezwa kwamba kinachoua kwenye sigara ni moshi, lami na kaboni monoksidi. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu arudi. Vilevile kwamba nikotini ya badala huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Alikubali.

Kulikuwa na sharti moja, na lilikuwa la busara: wasianze mpaka vibandiko vyote 70 viwe mkononi. Kwenye maduka ya dawa ya mji ule vilipatikana vichache, leo vipo kesho hakuna. Mtu akikatikiwa wiki ya 3 anarudi dukani kununua sigara moja moja, ambazo hazikosekani kamwe. Jamaa yake anayeishi ng'ambo aliviagiza, na siku ya kuacha ikasogezwa mpaka vifike.

Nne, ratiba ya sindano ilibadilika: jioni ya kuamkia siku ya kuacha, kisha siku ya 1, 2, 3, 5 na 7, halafu mara mbili kwa wiki kuanzia wiki ya 2 hadi ya 4, halafu mara moja kwa wiki hadi wiki ya 8. Jumla vikao 16, kulipa kikao kwa kikao. Sindano za kubaki zilipigwa marufuku. Badala yake zilitumika mbegu ndogo za mmea uitwao vakaria chini ya plasta ndogo. Mbegu hazitoboi ngozi, kwa hiyo maji ya udhu yanachofanya ni kuilegeza plasta tu. Hubadilishwa kila baada ya siku 2, sikio moja baada ya jingine.

Tano, tarehe. Mteja alitaka aache Ramadhani mosi. Timu ikapendekeza wiki mbili kabla, ili siku 3 mbaya kabisa zipite akiwa anaweza kula, kunywa maji na kutafuna chingamu saa yoyote, halafu mwezi umkute akiwa ameshatulia.

## Wiki ya kwanza: moyo unaopiga

Siku ya 2 na ya 3 zilikuwa nzito ila zilibebeka. Alifika kituoni jioni zote mbili, akakaa dakika 40, akaondoka ametulia. Siku ya 4 alilalamika moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na usiku hapati usingizi.

Hapa timu iligawanyika. Muuguzi alidhani kibandiko ni kikali na akataka kushusha hadi 14. Mtaalamu wa sindano alisema ni arosto ya kawaida. Wote wawili walikosea, na kilichowaokoa ni swali dogo: unakunywa kahawa kiasi gani? Vikombe 6 vya kahawa chungu, kama zamani. Moshi wa sigara huamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Mtu akiacha kuvuta, ndani ya siku chache kimeng'enya kinatulia, na kafeini ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kiwango chake kwenye damu huweza kufika maradufu. Vikombe 6 vilikuwa vimegeuka kama 12. Dozi ya kibandiko ikaachwa ilivyo, kahawa ikashushwa hadi vikombe 3, cha mwisho alasiri. Baada ya siku 3 mapigo yalitulia na usingizi ukarudi. Kimeng'enya hichohicho kinahusika na teofilini ya pumu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kwa hiyo anayezitumia hizo na anataka kuacha sigara lazima daktari wake ajue mapema.

Ndoto kali zilibaki, na hizo kweli zilitokana na kibandiko. Akaanza kukitoa wakati wa kulala. Jasho pia lilikuwa likikibandua mchana, mpaka alipoanza kukiweka juu ya bega lililokaushwa vizuri, kukizungushia plasta ya karatasi na kutorudia sehemu ileile kabla ya siku 7.

Mwisho wa wiki: kaboni monoksidi sehemu 3 kwa milioni. Alipoona namba hiyo aliomba apigiwe picha ya kipimo akamwonyeshe mkewe.

## Ramadhani

Alimuuliza sheikh wa msikiti wake, akajibiwa kwamba kibandiko cha ngozi hakifunguzi, chingamu inafunguza. Basi kibandiko kikawa kinawekwa wakati wa daku na chingamu ikahamia usiku. Vikao vya sindano vikahamishiwa baada ya tarawehe, kwa sababu kumchoma mtu mwenye njaa ni kumwalika azirai. Kila mteja aliulizwa amekula saa ngapi, na alichomwa akiwa ameegemezwa nyuma, si wima.

Mchana haukuwa na tabu hata kidogo. Saa ya hatari ilikuwa futari. Kwa miaka 20 adhana ya magharibi ilimaanisha tende, maji, sigara. Wiki ya kwanza ya mwezi alilalamika chingamu haifanyi kitu. Alipoeleza mpangilio wake, kosa likaonekana: alikuwa anakunywa juisi ya ukwaju kisha anatafuna. Nikotini ya chingamu hupenya kwenye ngozi ya mdomo pale tu mdomo usipokuwa na uchachu. Ukwaju, ndimu, soda na hata kahawa huizuia, ikamezwa na kupotea tumboni. Tena alikuwa anaitafuna mfululizo kama ubani. Akaelekezwa: tende na maji tu, swala, kisha chingamu, tafuna polepole mpaka ulimi uwashewashe, ibane kati ya shavu na fizi kama dakika moja, rudia, kwa nusu saa. Ukwaju na chakula baadaye. Siku iliyofuata alisema imefanya kazi.

## Idd pili

Siku ya 43 wiki 6 zilitimia, kibandiko kikashuka kutoka 21 hadi 14 kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Siku ya 45 ikawa Idd. Siku ya 46, barazani kwa ndugu zake, alivuta sigara 2.

Alipiga simu usiku uleule. Hilo ni tofauti kubwa na jaribio la kwanza, na halikutokea kwa bahati: siku ya matayarisho aliambiwa waziwazi kwamba akiteleza apige simu kabla ya kulala, na kwamba jibu halitakuwa lawama. Aliambiwa abaki na kibandiko, apeleke pakiti iliyobaki kwa mwenyewe, afike kesho. Kesho yake kipimo kilisoma 4. Kaboni monoksidi hupungua nusu kila saa 4 hadi 6, kwa hiyo sigara 2 za jana jioni hazionekani tena asubuhi. Mashine ingemtangaza msafi. Kilichofanya kazi ni ulimi wake.

Kurudi kwenye 21 hakukuwezekana kwa sababu vibandiko vya ziada havikuwapo. Wakabaki na 14, wakaongeza chingamu hadi 8 kwa siku kwa wiki mbili, na kumrudisha kwenye sindano mara mbili kwa wiki badala ya moja.

## Matokeo

Hakuvuta tena baada ya Idd. Baada ya miezi 6 kipimo kilisoma 2, na mkewe, aliyekubali kuulizwa mbele yake, alithibitisha. Kigezo kinachotumika sana katika tafiti huruhusu sigara zisizozidi 5 tangu siku ya kuacha, pamoja na kipimo kilicho chini ya 10, kwa hiyo anahesabika ameacha. Aliongezeka kilo 3. Chingamu mbili kwa siku aliendelea nazo hadi mwezi wa tano tangu aache. Baada ya mwaka alisema kwa simu kwamba havuti. Hapo hakuna kipimo, ni neno lake.

## Uchambuzi

Tuanze na linalouma. Kisa hiki hakithibitishi kwamba akupancha inaachisha sigara. Kati ya jaribio la kwanza na la pili vilibadilika vitu visivyopungua sita, na sindano ndicho kitu kilichobadilika kidogo kuliko vyote. Mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 38, yaliona huenda kuna nafuu ndogo ya muda mfupi ikilinganishwa na sindano za bandia, lakini si ushahidi thabiti kwamba watu wanabaki wameacha baada ya miezi 6, na iliposhindanishwa na nikotini ya badala, akupancha ilikuwa nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unapendekeza ushauri pamoja na dawa, yaani vareniklini, nikotini ya badala, bupropioni au sitisini. Kwa tiba za asili na mbadala unasema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza. Kituo kinachomwambia mteja "vikao vitatu tu" kinamdanganya, hata kama anayesema anaamini.

Je, sindano hazikufanya kitu? Zilifanya, na inafaa kusema ni nini. Siku za 1 hadi 3 zilimpa dakika 40 za kukaa kimya bila simu, saa ileile ambayo hamu ilikuwa juu. Zilimleta mbele ya mtu aliyempima na kumuuliza. Kwa mtu ambaye asingeingia kamwe kliniki ya ushauri, zilikuwa mlango. Hizi ni faida halisi, lakini zote zinategemea ratiba. Arosto ya nikotini huanza ndani ya siku moja na hufika kilele siku ya 2 na ya 3. Ratiba ya kila wiki ilimkuta siku ya 1 akiwa bado na nikotini mwilini, ikamkuta tena siku ya 8 kilele kimeshapita. Kati ya hapo aliachiwa vipini.

Vipini vile ni mfano wa uamuzi mbaya uliozaliwa na tatizo halisi. Pengo lilionekana, likazibwa kwa kitu kinachobaki mwilini badala ya kuleta kikao karibu. Na alipopiga simu siku ya 3, aliambiwa aendelee kubonyeza. Simu ya siku ya 3 ndiyo simu muhimu kuliko zote katika kuacha sigara. Haipaswi kujibiwa na mtu wa mapokezi kutoka kwenye karatasi.

Habari ya Ramadhani ilipuuzwa mwanzoni ingawa ndiyo iliyokuwa ufunguo. Mtu anayekaa saa 13 bila hamu, kisha anashindwa saa 2, anatuonyesha kwamba hamu haifuati saa za nikotini peke yake, inafuata matarajio. Reuven Dar na wenzake walichapisha 2010 utafiti wa wahudumu wa ndege waliovuta sigara: hamu ilipanda kadiri safari ilivyokaribia kwisha, iwe ndefu au fupi, zaidi ya muda uliopita tangu sigara ya mwisho. Adhana ya magharibi ni kutua kwa ndege. Timu ilijua hivyo, ikaipanga futari vizuri, halafu ikasahau kwamba Idd ni magharibi ya mwezi mzima.

Hilo ndilo kosa kubwa la jaribio la pili. Ndani ya siku 4 mteja alipoteza vitu vitatu: theluthi ya nikotini yake, ulinzi wa saumu mchana, na ratiba ya vikao vya usiku. Kila kimoja kingebebeka peke yake. Wiki 6 za karatasi ya maelekezo ni mwongozo wa kawaida, na kushusha dozi kungeweza kusubiri hadi wiki moja au mbili baada ya Idd, endapo vibandiko vya ziada vingeagizwa tangu mwanzo. Kuhesabu 70 kamili bila akiba kulionekana ni umakini, kumbe kulifunga mlango wa kurekebisha dozi.

Na gharama lazima itajwe. Vikao 16 na zaidi si kitu kidogo kwa karani. Mteja anayemudu kitu kimoja tu, aelekezwe kwenye kibandiko, chingamu na mtu wa kuzungumza naye, kabla ya sindano. Kwa huyu vyote viliwezekana, kwa hiyo sindano zilikuwa nyongeza halali.

Baada ya kisa hiki kituo kilibadilisha fomu yake ya kwanza. Sasa inauliza: vikombe vya kahawa kwa siku, dawa nyingine unazotumia, unatawadha mara ngapi, je, unafunga, na siku za kufunga hamu ikoje, nani atakayepokea simu yako siku ya 3, na namba yake ni ipi. Kadi ya kikao haina tena nafasi ya kuandika "hajavuta". Ina nafasi ya namba ya kipimo, na chini yake mstari wa maneno ya mteja mwenyewe. Idadi ya sindano zilizoingia na zilizotoka nayo inaandikwa hapohapo, kabla kisanduku cha ncha kali hakijafungwa.